Mlango Ulioandikwa Nyonga

Kofi la kwanza lilinipata nikiwa na pini sita mdomoni.

Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya Loice, nesi wa Kikenya, nikimbania suruali ya kazi kwenye nyonga, na sikumsikia kaka yangu akiingia. Nilisikia mlio tu ndani ya sikio la kushoto, halafu ladha ya damu. Pini moja ilikuwa imezama kwenye ulimi, nyingine imetokeza chini ya mdomo. Nilizitema kiganjani moja moja na kuzihesabu kabla ya kulia. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa akisema kwanza ujue pini ziko wapi, mengine baadaye.

"Weye iko kichaa?" Heritier alinguruma juu ya kichwa changu. "Ni nani alikuambia kuandika nyonga kwa mulango yangu?"

Loice aligeuka juu ya kigoda, mguu mmoja wa suruali umeshonwa na mwingine ukining'inia.

"We! We mwanaume! Unapiga mtu mbele yangu?"

Heritier hakumwangalia. Alikuwa akinitazama mimi, na macho yake yalikuwa mekundu. Alitoka Fort Worth, alikohamia kwa kazi, asubuhi ile, akaendesha gari zaidi ya saa nne mpaka Houston baada ya kumaliza zamu kwenye ghala la nyama, na kitu cha kwanza alichokiona aliposhuka ni kioo cha mlango wa duka letu. Zamani kiliandikwa *Chez Heritier, Kila Kitu cha Afrika*, yaani kwa Heritier. Sasa kilikuwa na neno moja, kwa herufi za bluu zenye urefu wa mkono wangu: NYONGA. Chini yake, kwa herufi ndogo: *Sare za manesi, zilizokatwa kwa miili yetu.*

Nyuma yake, mlangoni, alisimama Aimable na katoni begani. Lori lake lilikuwa limeegeshwa nje, limejaa unga wa muhogo, mafuta ya mawese, nywele za bandia na kadi za simu. Aimable alikuwa mfanyabiashara wa Dallas, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole wa sauti, na kaka yangu alikuwa amekubaliana naye mambo mawili kwa mpigo. Aimable angelijaza duka bidhaa, na mimi ningekuwa mke wake. Sikuulizwa kuhusu bidhaa. Kuhusu ndoa niliulizwa, nikanyamaza, na kimya changu kikapelekwa kwa mama kama jibu.

Lazima niseme ukweli kuhusu Heritier, la sivyo mtamwona mnyama. Tulipokimbia vita Bukavu, kule Kongo, nilikuwa na miaka kumi na mitano na mguu wangu ulikuwa umevimba kwa jeraha. Alinibeba mgongoni siku tatu. Baba alikuwa amekufa. Heritier aliacha masomo, akaacha msichana aliyempenda, akawa baba yetu akiwa na miaka ishirini na moja. Tulipofika Houston alifanya kazi mbili mpaka akapata duka hili la mtaa wa Sharpstown, akaliandikisha kwa majina yetu sisi wawili, akaninunulia cherehani. Nilimpenda kuliko mtu yeyote. Na nilimwogopa tangu siku alipoanza kuvunja sahani.

"Yaya," nilisema, kama tunavyomwita kaka mkubwa kwetu, damu ikinidondokea kwenye blauzi, "tuongee ndani. Kuko mteja."

"Hakuna kuongea. Kamata kisu, ukwangue ile upuuzi. Sasa hivi."

"Sitakwangua."

Neno lile lilitoka kabla sijalipima. Sijawahi kumwambia kaka yangu sitafanya. Alinitazama kama mtu aliyesikia sauti ngeni nyumbani kwake. Kisha kofi la pili likaja, na hili nililiona likija.

*

Neno lile halikuwa upuuzi. Liligharimu karibu mwezi mzima wa kufikiri, na sikulifikiria peke yangu.

Dedan aliingia dukani mara ya kwanza mwezi wa tano mwaka ule wa 2003, amebeba koti la suti lililochanika kwapani. Alikuwa Mkenya wa Plano, mji wa karibu na Dallas, mrefu, mwenye miwani, aliyekuja Houston kwa harusi ya binamu yake, na harusi ilikuwa baada ya saa moja. Nilimshonea akiwa amesimama pembeni yangu. Nikahisi anatazama mikono yangu. Nilipoinua macho hakuona aibu kuyapokea.

"Hapa mnauza nini hasa?" aliuliza.

"Kila kitu."

"Kama nani?"

"Kama nani nini?"

"Nimepita maduka sita kwa hii barabara nikitafuta fundi. Yote yanauza kadi za simu, nywele, unga na kaseti za injili. Nikifunga macho unishike mkono uniingize kwa moja, nitajuaje ni lako?"

"Langu liko na cherehani."

"Hiyo imefichwa nyuma ya magunia. Nimeiona kwa bahati." Alitabasamu. "Samahani. Kazi yangu ofisini ni hiyo, kuambia kampuni kubwa zinafanana na jirani. Wananilipa, halafu wanakasirika."

"Mimi sikulipi."

"Basi usikasirike."

Jumamosi iliyofuata alirudi na shati lisilohitaji kitu chochote. Jumamosi ya tatu akaniuliza swali lililoninyima usingizi juma zima: "Ukifunga duka kesho, ni nani atalia?"

Nilicheka kwanza. Halafu nikaona nashindwa kutaja jina hata moja. Wateja wa unga wangeenda mlango wa pili. Wa kadi za simu wasingejua hata kama nimefunga. Nilimwambia hivyo, nikiwa na hasira naye kwa kunionyesha. Hakujitetea. Alikaa tu kwenye gunia la mchele, viwiko magotini, akisubiri.

Jina lilikuja siku nne baadaye. Loice aliingia akilia, amejifunga sweta kiunoni. Alikuwa ameinama wodini kumwinua mgonjwa, suruali ya sare ikapasuka kutoka mshono mpaka mshono, mbele ya daktari na familia nzima. "Hizi nguo zimekatwa kwa mtu asiye na mwili," alisema. "Nikichukua ya kunitosha huku chini, kiunoni inaanguka. Nikichukua ya kiuno, ndiyo hii." Nilimpima palepale. Nikakata suruali mpya, kiuno chembamba, nyonga pana, kitako chenye nafasi ya kuinama, mifuko ya kina inayobeba mkasi na simu bila kuvuta pindo. Alipoivaa aliinama, akachuchumaa, akainuka, akanikumbatia kwa nguvu mpaka mgongo ukalia.

Juma lile walikuja manesi wanne. Lililofuata, kumi na mmoja. Wengine walitoka Missouri City, wengine mbali zaidi.

Dedan alipokuja nilimwambia, "Loice atalia."

"Basi mshonee Loice," alisema. "Yeye na wenzake tu. Usishone kingine."

"Na unga?"

"Toa."

"Na pazia za kanisa? Magauni ya ubatizo?"

"Clarisse, ile siku utakataa kazi ya mtu ndio utajua umeamua."

Wa kwanza kukataliwa alikuwa yeye mwenyewe. Alikuja na suruali ya suti, eti ipunguzwe pindo. Nilimrudishia ikiwa imekunjwa vizuri. "Sishoni tena nguo za wanaume. Si weye ulisema?" Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

"Sasa nita-drive kutoka Plano na kisingizio gani?"

"Njoo bila kisingizio," nilisema, nikageukia cherehani upesi ili asione uso wangu. Nilishona mshono mzima bila uzi kwenye sindano. Aliona. Hakusema neno, ila alikuja akasimama karibu, akautunga uzi ule yeye mwenyewe, na vidole vyake vilipogusa vyangu hakuna aliyeviondoa.

*

Kofi la pili liliniangusha juu ya meza ya kukatia. Kabla sijainuka, Heritier alikwisha shika nywele zangu, zile nilizozisuka jana yake, akanivuta kuelekea mlangoni. Magoti yangu yaliburuzika kwenye sakafu. Alinitia mkononi kisu cha kukwangulia rangi.

"Kwangua!"

Nilikunja ngumi, kisu kikaanguka.

"Batu ya kanisa batasema nini?" alipiga kelele, akinitikisa kichwa kwa kila neno. "Dada ya Heritier anaandika matako ya banamuke kwa kioo! Mama alilia kwa simu. Alilia! Na huyu mutu amejaza lori mzima kwa ajili yako!"

"Sikumwomba lori!"

Loice aliruka kutoka kwenye kigoda na pini zake zote, akampiga mkoba kichwani. Akampiga tena. Heritier alimsukuma kwa kiwiko bila hata kugeuka, na yule mama wa watu akaenda kuangukia mabunda ya vitambaa, suruali ikichanika pale nilipokuwa nimeanza kushona. Alitambaa kuelekea mkoba wake, akitafuta simu.

"Naita polisi!" alisema, anahema. "Mungu wangu, naita polisi, sijali."

"Heritier," Aimable alisema kutoka mlangoni, taratibu. Bado alikuwa na katoni begani. "Mon frère, ndugu yangu, inatosha."

"Haiyatosha!"

Ndipo nilipoona kivuli cha Dedan kwenye kioo. Ilikuwa saa sita, saa yake ya kila Jumamosi. Alisimama nyuma ya Aimable na mfuko wa karatasi wenye chakula chetu cha mchana, akaniona nikiwa chini, akauona mkono uliokuwa kwenye nywele zangu. Aliuweka mfuko chini. Akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. Sijasahau utaratibu ule. Alifanya kama mtu anayejiandaa kuosha uso.

"Kaka," alisema, "ukitaka kuongea, tutaongea hata kutwa. Toa mkono kwanza."

"Huyu njo ule Mukenya?" Heritier aliniuliza mimi, akitaka kujua kama ndiye.

"Yaya, tafadhali."

"Nauliza! Huyu njo mwenye kuharibu kichwa yako?"

"Ndiyo ni mimi," Dedan alisema. "Mambo ya mlango ni mimi nilimshauri. Yeye muachilie."

Heritier aliniachilia. Nilianguka kifudifudi, na sikuona ngumi ya kwanza, niliisikia tu, kama kitambaa kizito kinachopigwa ukutani. Nilipoinua kichwa Dedan alikuwa ameshikilia fremu ya mlango, pua inatoa damu mpaka kwenye tai. Hakuwa mtu wa kupigana. Miaka yote alikuwa amekaa kwenye kiti cha ofisi. Lakini hakurudi nyuma. Alimrukia Heritier kiunoni, wakagonga kabati la nyuzi, kabati likawaangukia, na mamia ya vigurudumu vya uzi wa rangi vikatawanyika chini. Waliteleza juu yavyo. Walishikana makoo. Nilimwona Dedan akimpiga kaka yangu kwa kichwa, mara mbili, ngozi ya Heritier ikapasuka juu ya nyusi. Niliwapigia kelele wote wawili, sikumbuki kwa lugha gani.

Kisha Heritier, mwenye mwili wa mtu anayebeba nusu ng'ombe kila usiku, alimwinua Dedan mzima mzima na kumtupa mlangoni. Kioo kilipasuka. Dedan alipita katikati ya neno lile la bluu na kuanguka nje kwenye saruji, jua la saa sita likimwangukia usoni.

Ningeomba iishie hapo. Kaka yangu aling'oa bomba la chuma la kutundikia nguo. Sare kumi na nne zilizokamilika ziliporomoka sakafuni, akazikanyaga na viatu vyenye damu, akatoka nje. Dedan aliinua mkono wa kushoto kujikinga. Bomba lilishuka. Mfupa ulipovunjika ulitoa sauti ndogo, kavu. Dedan hakupiga kelele. Alifungua mdomo tu, uso umekuwa wa kijivu.

Heritier aliliinua bomba tena, safari hii juu zaidi, na nilijua linakwenda wapi. Aimable naye alijua. Alidondosha katoni na kusema "Hapana, hapana," lakini miguu yake haikusogea.

Pasi ya mvuke ilikuwa mezani, imewashwa tangu asubuhi. Niliing'oa ukutani, nikaruka fremu ya mlango juu ya vipande vya kioo, nikaigandamiza kwenye mkono wa kaka yangu ulioshika chuma.

Harufu ile naijua mpaka leo. Alilia kama mtoto. Bomba lilianguka, likaviringika mpaka chini ya lori. Nilikuwa bado nimeigandamiza. Nilihesabu moja, mbili, ndipo nikaitoa, na ngozi ikaja nayo.

"Ukimugusa tena," nilisema, "naweka kwa uso."

Sikuitambua sauti yangu. Nadhani yeye pia hakuitambua. Alikaa chini ukingoni mwa barabara akiushikilia mkono wake kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu Bukavu nilimwona akilia. Niliiweka pasi chini, nikaketi kwenye saruji na kupakata kichwa cha Dedan.

Aimable alipangusa unga wa katoni iliyopasuka kwenye suruali yake. Alinitazama mimi, akamtazama Dedan aliyelaza kichwa mapajani mwangu, akatikisa kichwa polepole.

"Nililetaka mizigo," alisema. "Sikuleta vita. Umuambie mama yako, mama Mado, niko na heshima yake, lakini hii ndoa haiko tena." Alipanda lori. Aliondoka na unga wake, mafuta yake na nywele zake za bandia, bila haraka.

*

Polisi walikuja wawili. Mkubwa wao alichuchumaa mbele ya Dedan akauliza nani kafanya haya.

Dedan alinitazama. Miwani ilikuwa imesagika mfukoni, sijui aliona nini. Lakini nilijua anachofikiria. Nilikuwa nimewahi kumweleza kuhusu karatasi za Heritier za kuishi Marekani, kwamba kesi moja mbaya ingeweza kuziharibu, kwamba kaka hana pengine pa kurudi.

"Nimeanguka," Dedan alisema. "Kwa mlango."

Yule polisi alitazama bomba lililolala pale lilipokuwa lori. Akasubiri.

Kuna dakika ambayo mtu huikumbuka kila siku ya maisha yake, na yangu ilikuwa ile. Heritier aliinua kichwa. Jicho moja limefungwa kwa damu, jingine linaniangalia, na ndani ya jicho lile nilijiona nikiwa mgongoni mwake, mguu umevimba, njia haina mwisho. Angalia, liliniambia, mpenzi wako mwenyewe amenisamehe. Nyamaza tu. Kunyamaza unakujua.

"Hakuanguka," nilisema. "Kaka yangu amemvunja mkono kwa chuma. Mimi nimemchoma kaka yangu kwa pasi. Huyu mama ameona yote."

"Clarisse," Dedan alinong'ona.

"Hii njo malipo yangu?" Heritier aliuliza. Hakupiga kelele. "Siku tatu nilikubeba. Hii njo malipo?"

"Yaya, ulikuwa unamuua."

Walimfunga mkono mmoja tu kwa pingu, kwa sababu ya jeraha la mwingine, wakamwingiza garini. Hakugeuka. Mimi waliandika maelezo yangu, wakaniacha.

Jioni ile, hospitalini, Loice alitupitisha kwa wenzake, na Dedan akafungwa plasta kutoka kiganjani mpaka juu ya kiwiko. Nilipoachwa naye peke yangu hasira zote zilinirudia, nikazimwaga kwake.

"Kwa nini ulidanganya?"

"Nilifikiri unataka nimlinde."

"Nilitaka uishi! Unafikiri nitakaa kitandani na mtu kila nikimwangalia mkono nakumbuka uwongo?"

Pembe ya mdomo wake uliovimba ikainuka kidogo. "Umesema kitandani."

"Nyamaza, Dedan."

"Wewe ndio umesema, Clarisse."

Nilimpiga bega lililo zima, kisha nikaegemeza paji la uso palepale nilipompiga, nikalia machozi yote ya mchana. Mkono wake mzima ulinipapasa shingoni, pale nywele ziliponyofolewa, taratibu sana.

"Twende Plano," alisema. "Huko pia kuna manesi. Hospitali ni nyingi. Utaanza upya bila mtu wa kukuvunjia."

"Nikitoka Sharpstown, atasema alinifukuza. Hata mimi nitasema hivyo, ndani yangu." Niliinua uso. "Miye sitoki. Weye kama unanitaka, mimi niko pale."

Alijitahidi kujiinua kitandani ili akae wima. Sikumsaidia.

"Sijui kama watanipa uhamisho," alisema mwishoni. "Jumatatu nita-apply."

*

Jumatatu nilifungua saa tatu. Bamba la mbao lilikuwa limepigiliwa mahali pa kioo, na juu yake nilikuwa nimeandika upya, kwa brashi, neno lilelile. Herufi ziliyumba. Dedan hakuwa amerudi Plano. Ombi lake la uhamisho alilitoa kwa simu kwa bosi wake, kisha akakaa kwenye kigoda akipanga vigurudumu vya uzi kwa rangi, kwa mkono mmoja, vibaya sana.

Saa nne mama aliingia.

Mama yangu Mado alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, Missouri City, miaka minne sasa. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu, mkoba umekumbatiwa kifuani. Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana. Tangu Jumamosi sikuwa nimerudi nyumbani, na usiku ule alinikatia simu mara tatu.

Alitazama kabati lililovunjika. Alitazama doa la damu ambalo nililisugua mara tano na halikutoka. Alimtazama Dedan kuanzia kwenye plasta mpaka kwenye jicho jeusi, na Dedan akainuka kwa shida.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia.

"Nilienda kumuona Heritier," aliniambia. "Mukono yake itapona, lakini vidole viwili havitakunja muzuri. Ameniambia nisikuite tena mutoto yangu."

"Mama..."

"Sijamaliza. Nilimuuliza ule chuma kilikuwa kinakwenda wapi. Mara ya pili, kilikuwa kinakwenda wapi? Alinyamaza. Mutoto yangu nilimuzaa, najua kimya yake." Aliukaza mkoba kifuani. "Alivunjaka sahani, nikafagia. Alipiga ukuta, nikapaka rangi. Ni miye nilifagia, Clarisse. Sasa sijui nimulilie nani."

Nilitaka kumshika. Aliinua mkono kunizuia.

"Sijakusamehe. Siku ya tribunal, mbele ya hakimu, nitakaa upande yake. Usinitafute kwa upande yako."

"Ndiyo, mama."

Kisha akaweka mkoba mezani, akainua ncha ya blauzi ya sare yake. Suruali ilikuwa imeshikiliwa kiunoni kwa pini tatu kubwa za nepi. Pembeni, kwenye nyonga, mshono ulikuwa umepasuka na kushonwa tena kwa mkono, kwa uzi mweupe, mweusi, mwekundu, uzi wowote uliopatikana. Ngozi chini ya pini ilikuwa imechubuka, makovu ya zamani juu ya makovu mapya. Miaka minne. Niliishi naye nyumba moja, mimi fundi, na sikuwahi kuona.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unauza unga."

Alivua viatu, akapanda kwenye kigoda bila kuomba mkono wa mtu.

"Pima."

Nilichukua utepe. Nilimpima kiuno, nikataja namba, nikageuka kutafuta daftari, na Dedan alikwisha lichukua. Kalamu ilikuwa kwenye mkono wake wa kulia, daftari limeegemezwa juu ya plasta. Nilipofika kwenye nyonga, aligeuza uso ukutani kwa heshima, akisubiri.

Mama alimtazama mgongo wake kwa muda mrefu.

"Wewe," alisema. "Unatoka kabila gani?"

"Mkikuyu, mama."

"Kanisa?"

"Presbiteri."

"Mukono inauma?"

Dedan alisita. "Inauma sana, mama."

Mama aliinua mikono yake miwili kidogo ili utepe upite, akanipa ishara kwa kidevu niendelee. Nilitaja namba ya nyonga. Ilikuwa kubwa.

"Andika, mwanangu," mama alimwambia Dedan. "Na uongeze inchi moja. Nainuaka batu bazito."